Rajabu Yuko Angani

Jumatatu, 14 Julai
Chanika, Handeni. Nimekata sare mbili za shule, cherehani ikakata uzi tena. Mchana Mjomba Shabani kapiga simu kutoka Kilole. Mama amerudishwa nyumbani, daktari amesema moyo umechoka. Nimefunga kibanda. Naogopa.

Jumatano, 16 Julai
Kilole. Mama amepungua sana, ila akili yake nzima. Anamtaka Rajabu, mdogo wangu. Yuko Toronto miaka sasa. Amepata tiketi ya kesho jioni. Nikamweleza mama safari yenyewe: zaidi ya saa kumi na mbili hewani mpaka Doha, angoje ndege nyingine, karibu saa sita mpaka Dar, ndipo basi la kuja huku.

"Ni Handeni ngapi hizo?"

Nikapiga hesabu kwenye simu. Kwenda Handeni karibu mara mia mbili.

Akacheka mpaka akakohoa. "Na wewe wa mara moja tu mbona hatukuoni?"

Imeniuma. Ni kweli.

Alhamisi, 17 Julai
Uji vijiko viwili, basi. Kila akizinduka anauliza Rajabu kafika wapi. Hajaondoka bado, kwao ndiyo kwanza asubuhi. Namwambia yuko njiani. Jua letu linawatangulia mno. Nalichukia.

Ijumaa, 18 Julai
Mama amefariki baada ya alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Rajabu yuko angani. Simu haipatikani. Kilole nzima inajua, yeye hajui.

Nilimwomba mjomba tungoje hadi kesho. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, maiti hangojeshwi. Tunazika alasiri." Nilikasirika.

Jeneza liko tayari uani, simu ikaita. Rajabu, yuko Doha.

"Shikamoo dada. Mama vipi?"

Nilitaka kusema. Nikamfikiria ndani ya ndege nyingine, kakaa katikati ya wageni na msiba wake peke yake. Ikanitoka tu: "Amepumzika."

Nasikia matangazo ya uwanja wa ndege.

"Basi mwacheni apumzike. Msimngojeshe kwa ajili yangu."

Akakata. Wanaume wakalinyanyua jeneza. Sijui nimemhurumia au nimemdanganya.

Jumamosi, 19 Julai
Nilikwenda stendi peke yangu, nimwambie kabla hajaliona turubai nyumbani. Maneno nimeyapanga njia nzima. Akashuka kwenye basi na begi moja. Kavaa kanzu na kofia. Kanzu imekunjamana vibaya.

Nikaushika mkono wa kanzu yake.

"Nilijua palepale, dada," akasema. "Kanzu nimeivaa Doha. Ningekuuliza tena, ungelazimika kulitamka."

Tukalia hapo hapo stendi, tumeshikana. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanagombea abiria wakatupisha. Mmoja akalichukua begi, akalifunga kwenye pikipiki yake bila kuulizwa.

Jumapili, 20 Julai
Asubuhi Rajabu na mjomba walikwenda makaburini. Rajabu amerudi na udongo kwenye viatu. Akanywa chai, akajilaza mkekani barazani, usingizi ukamchukua na jua lote hili. Mwili wake bado uko usiku wa kule.

Nimemfunika kanga ya mama. Nimewaomba wageni waongee taratibu.