Kichaka cha Ndege wa Buluu

Sydney, 3 Mei 1997

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Baba mdogo anakutunza vizuri huko Dubbo? Nimeapa kukueleza yote, hata ya aibu.

Leo nilishika nafasi yako kwenye kikundi kinachotunza pori letu nyuma ya mtaa. Uliniambia nipunguze lantana, lile gugu la kigeni. Sikupunguza. Nilikata kichaka chote, toka kwenye mwamba hadi kijitoni, kisha nikawaita wenzangu waje waone.

Mzee Stavros aliweka kikombe chake chini. "We mtoto, umekata yote?"

"Yote, babu."

"Mungu wangu! Umewavunjia viumbe wenzio nyumba, halafu unatabasamu kama umepewa medali!"

"Mwache," Bi Glenys akamwambia. "Wewe mwaka juzi ulimwagilia gugu miezi mitatu ukidhani ni mti wa maana."

"Lilikuwa gugu zuri!"

Ndipo wakanieleza. Ndege wako wadogo wa buluu hujificha ndani ya miba ile, paka asikofika. Ndiyo maana kikundi hukata upande mmoja tu, kikangoja mimea ya kwetu ikue, ndipo kikate tena. Nilikaa pale hadi saa kumi jioni. Hakurudi hata mmoja.

Umewatunza miaka kumi na minne, nami nimewafukuza kwa asubuhi moja. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Tamsin

Dubbo, 9 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nyonga inauma nikisimama, na baba yako mdogo huchemsha kabichi mpaka inasahau jina lake. Vinginevyo sijambo.

Asante kwa kuniambia mwenyewe. Stavros alipiga simu, nikamkatiza. Nilitaka nisikie kwako.

Sasa futa machozi, kuna kazi. Matawi uliyokata yasitupwe. Yarundike palepale, yapite kimo chako. Pembeni panda vichaka vya kwetu, halafu kaa mbali. Mimi nilifanya kosa hilohilo mwaka wangu wa kwanza, na Stavros ndiye aliyenifundisha kurundika. Mwulize alivyonitukana.

Kama watarudi, sijui. Siwezi kukudanganya.

Bibi yako

Sydney, 16 Agosti

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini sasa unatembea bila kushika ukuta. Sisi hatujambo. Miezi yote hii sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Kila Jumamosi Mzee Stavros aliniuliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado, babu." Akanipa biskuti, tukaendelea kung'oa magugu.

Leo alinishika bega. "Usipumue," akanong'ona.

Dume wa buluu alitoka kwenye rundo, akafuatwa na majike wawili wa kahawia. Mmoja alikuwa na unyasi mdomoni, akarudi nao ndani. Wanajenga, Bibi! Mzee Stavros alifuta macho, akasema ni chavua.

Asante kwa kunipa kazi badala ya kunipa pole tu. Wengine wangenikataza nisiguse tena msumeno.

Baba mdogo anasema daktari amekuruhusu kurudi mwezi ujao. Nimefurahi hata siwezi kusoma. Lakini njia ya kutoka langoni hadi kwenye rundo imebanwa na matawi pande zote, na sitakata hata moja bila neno lako. Basi nijibu kwa posta ya kwanza: utakuja na fimbo au na kiti cha magurudumu, na nikate upana gani?

Mjukuu wako,
Tamsin