Nilipomjibu Mhehe Jukwaani

Jumatatu. Baridi ya Songea leo haina adabu, inapenya mpaka kwa mtu aliyevaa suruali mbili. Nimejibanza jikoni karibu na moto, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, vingine vimekumbatia kikombe.

Shajara, usinicheke. Kucheka watu ni kazi yangu mimi.

Jana tulicheza igizo kwenye ukumbi wa parokia, hapa Majengo. Alilitunga mwanangu Festo, mwalimu, na ndiye aliyecheza kijana. Mzee wa kucheza baba yake alikwenda Namtumbo kwenye tumbaku, nikabaki mimi niliyeishia darasa la nne, nisiyeona haya mbele za watu. Festo alisita. Mwalimu Generosa, anayetuongoza, akamwambia, "Mchukue baba yako, sura ya ubaba si anayo tayari?"

Nilifurahi kama nimeletewa posa.

Hadithi yenyewe ni ya vita vya Mjerumani. Kijana anamtukuza baba yake, anaamini alipigwa na askari wala hakusema kitu. Kumbe baba ndiye aliyewaonyesha askari walipojificha wenzake. Kijana anakuja kumuuliza. Baba ananyamaza. Kijana anatoka, anakwenda kunyongwa pamoja na waliosalitiwa.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda, kuinamisha kichwa na kunyamaza. Hata mbuzi angeiweza.

Basi Festo akapiga magoti, machozi ya kweli yanamtoka. "Baba, niambie si wewe." Ndipo mtani wangu Mhehe, fundi viatu wa mtaani kwetu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Ni yeye huyo! Mngoni akiona bunduki anataja mpaka jina la mkwewe!"

Sasa wewe shajara hujui. Utani wa Mngoni na Mhehe hauogopi kanisa, hauogopi hata jeneza. Mtani akikurushia neno ukanyamaza, umekwisha. Na sisi Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Funga domo lako, mbwa wangu tangu juzi simwoni!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga viti. Na mimi, Mungu ananiona, nikatabasamu.

Nilipogeuka, Festo alikuwa bado amepiga magoti. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama, akasema polepole maneno ambayo hayakuwemo kwenye igizo.

"Hata hapa, baba?"

Vicheko vikakatika. Watu walidhani ndivyo ilivyoandikwa. Akina mama wakaanza kufuta macho kwa kanga. Yeye akaondoka kwenda kunyongwa, nami nikainamisha kichwa, safari hii bila kuelekezwa na mtu.

Leo asubuhi nimempitia kwake. "Shikamoo baba. Karibu kiti, baba. Chai hii hapa." Heshima tupu, kama amempokea mwenyekiti wa mtaa. Nikarusha mzaha, akatabasamu kama mtu anayesubiri basi. Nikataka kusema nisamehe, nikaliogopa neno lenyewe. Miaka yote nimelisema kwa kuchekesha tu. Likitoka kinywani mwangu, nani atajua kwamba leo silichezei?

Kabla sijalimeza vizuri, Mwalimu Generosa huyo mlangoni.

"Shikamoo mzee! Jana mlituua! Jumapili tunarudia, na lile mliloongeza libaki vilevile. Mhehe nimeshamwambia, atapiga kelele palepale."

Nikamtazama Festo, nikimwomba kwa macho akatae.

"Sawa, mwalimu," akasema, huku ananimiminia chai. "Baba hana shida. Au siyo, baba?"

"Sina shida," nikasema.

Kwa hiyo Jumapili mwanangu atapiga magoti tena mbele ya watu, aniambie tena, na watu watalia tena. Sitajua kama anayesema ni kijana wa kwenye igizo au ni Festo. Na Mwalimu Generosa ameshanionya: baada ya maneno yale, baba hana la kusema.

Nimeukodolea macho moto huu tangu jioni. Hivi hata kama ningeruhusiwa kumjibu, ningemjibu nini?