Chupa ya Maji ya Profesa Biasha

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ya Jumanne, siku ya kipindi chako. Profesa Biasha Shaabani, hata kuondoka ulifuata ratiba.

Miaka thelathini na moja ulifundisha historia chuoni Dar es Salaam, na kwako historia ilikuwa Vita vya Maji Maji. Mengine yote yalikuwa utangulizi. Siku moja ulikwenda sokoni Kibiti kununua bamia, ukarudi na kisa cha vita alichosimuliwa muuza bamia na bibi yake. Bamia zenyewe ulizisahau. Baba alikula wali mkavu, akanuna, kisha akaomba umsimulie tena.

Kila mwaka mpya wa masomo uliingia darasani na chupa ya maji, ukawanyunyizia wanafunzi, ukauliza, "Haya, dawa mmeshapata. Nani anakwenda mbele ya bunduki?" Hakuna aliyenyoosha mkono. "Basi tuanzie hapo. Wao walikwenda kwa nini?"

Jibu hukuwapa. Uliwaleta kwetu Nyamwage wakalitafute kwa wazee, nasi tukapikia watu arobaini wali na kamba kutoka Mbwera. Tulilalamika sana, Mama, na tulipenda mno.

Unamkumbuka Kibwana? Ulifundisha kwamba wajumbe waliosambaza dawa ile waliitwa hongo. Siku hiyo yeye hakuja, akaazima daftari la mwenzake, na kwenye mtihani akaandika kurasa mbili za kuwalaumu wazee wetu kwa kupokea rushwa. Ulicheka hadi miwani ikaanguka. Kisha ukamwita. "Mwanangu, umewapeleka babu zetu TAKUKURU. Kaa hapa tuanze upya." Mkaanza upya, kila Alhamisi, mwaka mzima.

Ulipougua hukuuliza habari za nyumba wala shamba. Ulituuliza jambo moja tu, somo lako atalishika nani. Swali hilo lilituuma. Muhula mzima baada yako halikufundishwa.

Mwezi uliopita basi la wanafunzi lilisimama mbele ya nyumba yetu. Akashuka Kibwana, siku hizi mhadhiri, chupa mkononi. Kwanza aliwasimulia wanafunzi wake kosa lake la hongo, wakamcheka, naye akacheka. Kisha akatunyunyizia maji sote, hata Baba, ambaye miaka yote alikataa kuingia darasani kwako. Akauliza swali lako.

Baba akanyoosha mkono.

"Mie siendi, mwanangu. Ila wewe usiache kusomesha."

Akafuta macho mbele ya watu wote, halafu akauliza kama na mwakani watakuja. Watakuja, Mama. Somo lako limepata mtu.

Unakumbukwa na mumeo Huseni, wanao Waride, Miraji na Mwanabaraka, dada yako Mwajabu wa Mbwera, wajukuu zako, na darasa zima la Kibwana. Mwenyezi Mungu alinawirishe kaburi lako. Daima tutakukumbuka, na kamba wa mwakani tumeshaagiza.