Ya Tatu Ikae Juu

Wanangu,

Chakula kiko jikoni, kipasheni moto. Nguo zianueni mapema.

Asubuhi nimemfuma baba yenu, mtu mzima na kipara chake, akilihamisha kasha la filamu ya tatu ya Bwana Kimbunga kutoka mkiani mwa rafu na kuliweka juu kabisa, mahali pa filamu bora. Ile mbovu kuliko zote, na sote tuliitazama tena juzi tu tukakubaliana hivyo! ~~Irudisheni chini.~~ Ngojeni kwanza.

Nikambana. Akasema, “Tulikuwa tunatoka kuiona filamu hiyo, siku ile uliponikubali.”

Kumbe anakumbuka! Nimechelewa kazini kwa kucheka.

Atakayeigusa atanitambua. Jioni tunaitazama tena, na kochi ni letu wawili. Nyinyi mtakaa chini.

Mama yenu