Babu Yako Amekwama Saranda

Mtoni kwa Azizi Ali,
Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Kwako mpendwa mjukuu wangu Lulu,

Huna adabu. Nimeanza na hilo usije ukasoma salamu ukadhani nimeshapoa. Mwanamke mzima, mwalimu wa watoto wa wenzio, unamsusia babu yako mgonjwa kama mtoto aliyenyimwa kashata!

Haya, hujambo? Baridi ya Njombe imekuachia vidole? Vaa soksi, usiwaonee haya wanafunzi. Sie huku tunasukuma siku. Magoti yananisumbua, ila sikuandikii habari za magoti. Naandika kwa mkono wangu, herufi hizi hizi za ngumbaru, kwa sababu simu zangu hupokei.

Kilichokukimbiza nakijua. Ulipiga mwezi wa Ramadhani, babu akakuuliza, "Wewe nani, na unashukia wapi?" Ukalia, ukakata. Tangu hapo picha zako za kuchora hazijaja tena.

Mke mwenzangu, wewe umeulizwa mara moja, tena kwenye simu. Mie naulizwa kila asubuhi, kitandani kwangu mwenyewe. Juzi kanidai tiketi. Nikamwambia, "Mzee Mwinshehe, mie mkeo." Akasema, "Mama, wote husema hivyo. Tiketi." Nikampa kipande cha boksi la dawa ya meno. Akakichana pembeni, akanirudishia. "Kaa vizuri, mama, safari ndefu." Nikaenda uani kucheka. Kicheko chenyewe kikanigeuka.

Lakini reli haijamtoka kichwani. Alikuwa gadi wa treni ya Kigoma mpaka akastaafu, na ndiye aliyekufundisha wewe ule mchezo wao wa behewani: unachora kile anachokiona abiria dirishani, jina la stesheni unalificha, mwenzio analifumbua. Ulipoanza kumletea picha zako alifufuka. Ng'ombe wa mnadani: "Pugu!" Mlima umejifunga wingu kama kilemba: "Morogoro!" Ile ya reli inayoning'inia, mto umekula udongo chini yake, akasema "Kilosa" kwa huzuni, akaniuliza kama abiria wamepewa chai. Akishafumbua, anakula. Ile mikono inayogombania kuku wa kukaanga dirishani ilimpigisha makofi. "Saranda!" Akamaliza bakuli zima la uji.

Basi. Yuko Saranda mpaka leo. Anasema treni imezuiwa, hawajapewa njia, na gadi hali kabla abiria wake hawajaondoka. Uji nikiuweka anaonja vijiko viwili, anausogeza. Nikimwogesha mbavu zote naziona.

Baba yako mdogo Suhaib alikuja toka Segerea na ujanja wake. Kachapisha picha ya ziwa, kamwekea usoni: "Baba, Kigoma hiyo, tumeshafika!" Mzee akamtazama juu mpaka chini. "Kijana, kazi hii nani kakupa? Treni hairuki stesheni. Unataka tugongane na inayokuja?" Akageukia ukutani, hakugeuka tena mpaka Suhaib alipoondoka. Na digrii yake!

Nami nilijaribu. Usicheke. Baada ya Saranda ni Manyoni, hata mie najua, basi nikachora vichaka na kuku wa kienyeji. Akasema ni kiatu. Nikamwambia kama mlivyozoea, "Umeshindwa, nipe mji." Unakumbuka alivyokuwaga mkarimu wa miji, anakupa Tabora pamoja na maembe yake. Safari hii alinirudishia karatasi yangu. Halafu akasema, "Sina mji, mama. Mie niko njiani tu."

Lulu, nimezika watoto wangu wawili, lakini neno lile ndilo lililonishikisha kalamu.

Daktari kasema hakuna la kutibu tena, tumpe anachokipenda na tukae naye karibu. Kwa hiyo sikuiti uje kumponya, usijipe ukubwa huo.

Sasa nakwambia neno, na usilipeleke kwa mama yako. Babu yako kanioa Kigoma. Nilikuwa nauza migebuka stesheni, akashuka na bendera yake ya kijani, akanunua kapu zima, naye samaki hapendi hata harufu. Msichana yule huenda bado yumo kichwani mwake. Kizee hiki cha Mtoni hakijui. Asipofika Kigoma hatanikuta, atakwenda zake na mie nimebaki abiria tu. Nimekaa naye umri wangu wote. Sitaki kuagwa kama abiria.

Jina lako kalisahau, sawa. Mkono wako hajausahau. Kila picha yako alikuwa akipitisha kidole kwenye mistari, akisema, "Huyu namjua." Mie hajaniambia hivyo.

Baba yako mdogo anakusalimu. Jirani yetu Bi Chausiku anakusalimu, ndiye anayenisaidia kumnyanyua kitandani. Wasalimie walimu wenzio. Mungu akuhifadhi huko ugenini, akupe mume wako mwenyewe, maana huyu tunayegombania anatuponyoka sote.

Ni mie bibi yako, nikupendaye hata nikiwa nakutukana,

Mwajabu

Usitume kwenye simu, mwanga unamuumiza macho. Chora kwenye karatasi, kwa penseli nzito, umpe kondakta wa basi la Dar, Suhaib ataipokea. Hata vituo vidogo usiruke. Inuka hapo ulipokaa, futa machozi, uchore Manyoni.