Kichwa Changu na Mzee Kituku

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Amekubali! Ndeti amekubali!

Jana baada ya kanisa, pale kwenye bomba la maji, nikamwuliza kama angeweza kuishi na karani wa tikiti za treni maisha yake yote. Akauliza huyo karani ana jina? Nikasema Obadiah. Akasema basi atamfikiria. Akapiga hatua tatu — akageuka — akasema ameshafikiria. Ndiyo!

Leo nimemwuzia tikiti ya Taveta mama aliyetaka kwenda Mombasa. Amerudi dirishani akinifokea kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, nami nacheka tu kama mpumbavu. Nikambadilishia. Nikamtakia safari njema mara mbili.

Ndeti anataka mambo ya wazee, si ya mlango wa nyuma. Sawa! Barua imeshapanda Werugha, kwetu milimani, na lori la mboga: baba mdogo Mwandawiro ashuke Jumapili na wazee wawili, waende kuniposea.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Nywele. Zimekuwa kichaka. Kinyozi wangu kwa miaka miwili sasa ni Mzee Kituku wa pale sokoni. Na Mzee Kituku ndiye baba yake Ndeti!

Jumanne, 6 Agosti 1957

Nimepita mbele ya kibanda chake mara tatu. Mara tatu nimeshindwa kuingia.

Nitaketije mimi, baba mkwe amesimama nyuma yangu, ananisukuma kisogo — inama, inama? Kwetu mkwe hata njiani unampisha. Na akishaniwekea wembe shingoni huwa lazima aulize: Karani, utaoa lini? Nimjibu nini, na wembe uko pale?

Kinyozi mwingine yuko, karibu na msikiti. Lakini Mzee Kituku anavijua vichwa vyote vya Voi. Akiona kazi ya mkono mwingine kichwani mwangu, ni heri ningemtukana.

Mara ya tatu ameniona. Amepiga kelele soko zima lisikie: Karani! Hilo shamba la mkonge utalivuna lini? Nikasema kazi nyingi, mzee. Nikakimbia. Kweli nilikimbia!

Jumatano, 7 Agosti 1957

Nimejinyoa mwenyewe.

Ngoja niandike polepole, bado nacheka. Nilitoka kazini saa kumi. Nilichukua mkasi wa kukatia kamba za vifurushi — ndio mkasi pekee ninaoujua. Kioo ni cha Maundu. Huyu tunaishi naye chumba kimoja hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kazi yake ni kugeuza njia za treni. Nilimwomba anisaidie. Amekataa. Anasema yeye hugeuza njia za reli, za nywele hapana.

Mbele kulikwenda vizuri. Kwacha, kwacha — nikaanza hata kuimba. Pembeni nikagundua kwamba kioo ni mwongo. Ukitaka kwenda kulia mkono unakwenda kushoto. Sikio limeponea chupuchupu. Kisogoni nilikata kwa kupapasa tu, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Hapo ningeacha. Lakini nilitaka njia! Ile njia nyembamba ya wembe upande wa kushoto, kama vijana wa Mombasa. Nimeikata imenyooka kabisa, kazi safi. Nikashusha kioo. Iko kulia. Basi nikakata ya kushoto, nikiwa na haraka, na hiyo ikapinda, ikapanda, ikaenda kukutana na mwenzake juu ya paji la uso.

Maundu ameanguka kitandani. Alipopata pumzi aliuliza ni ipi inayokwenda Taveta.

Kunyoa chote? Haiwezekani. Upara ni kichwa cha msiba. Baba mdogo akinikuta na upara atalia kwanza, ndipo aulize nani amekufa.

Nywele zimejaa mpaka kwenye sufuria ya maharage. Tumekula hivyohivyo.

Alhamisi, 8 Agosti 1957

Kofia ya kazi siku nzima. Stesheni masta ameniuliza kama ninaumwa kichwa. Nimesema kidogo. Si uongo!

Saa tisa sauti dirishani: treni ya Nairobi inapita saa ngapi? Ndeti! Shule imefunga, watoto anaowafundisha darasa la kwanza wako makwao, naye amekuja kuuliza saa za treni ambazo kila mtu Voi anazijua. Nikainama kumsalimia. Kofia ikaanguka.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaketi chini kwenye magunia ya mahindi ya watu na kucheka mpaka abiria nao wakacheka bila kujua kitu. Nilimweleza sababu. Kicheko kikakatika. Akasema hajapata kusikia mtu akijiharibu kichwa kwa ajili ya heshima. Akanyoosha mkono dirishani, akagusa ile njia iliyopinda, kwa kidole kimoja.

Nimeuza tikiti ngapi baada ya hapo, sijui.

Ijumaa, 9 Agosti 1957

Balaa. Mtu amemwambia Mzee Kituku kwamba karani ana kinyozi mpya. Na mzee ameshajiamulia kinyozi huyo ni nani — Maundu! Leo Maundu amekwenda kunyolewa ndevu, akafukuzwa mbele ya wateja: kanyoane na wenzako huko landhi!

Maundu hacheki tena. Anasema nikaseme ukweli. Nimemwambia Jumapili. Ananitazama kwa jicho baya, na ndevu zake.

Jumamosi, 10 Agosti 1957

Ndeti amepita haraka. Baba yake anajua wageni wanakuja, ila mama hajamwambia ni wa nani. Kila saa anauliza. Bado nacheka nikiwa peke yangu — nina nini mimi?

Jumapili, 11 Agosti 1957

Naandika hapa dirishani, zamu yangu imeanza saa nane. Treni ya Taveta imechelewa. Asante treni!

Wazee walishuka asubuhi, baba mdogo na koti lake zito la Werugha, jasho jembamba. Tukaenda. Mzee Kituku alipoona ni mimi nyuma yao, alikunja uso. Tukaketi. Mama Ndeti akaleta chai. Baba mdogo akakohoa ili aanze.

"Kofia, kijana," Mzee Kituku akasema. "Kwangu watu huvua."

Nikavua.

"Obadiah!" baba mdogo akasema. "Nani amekufa?"

Mzee Kituku aliinuka. Akanizunguka mara moja, polepole. "Nani amekunyoa?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Maundu hana kosa."

"Mkono wangu una ubaya gani?"

Hapo nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yalikimbia. Nikasema niliona haya. Nikasema siwezi kuketi mbele yake, yeye amesimama, na huku moyoni nataka kumwita baba.

Mzee Kituku akageukia mlango.

"Ndeti," akasema, "lete sanduku langu."

Baba mdogo akaruka: mkwe hanyoi mkwe, haijapata kuonekana! Mzee Kituku akamjibu kwamba hapa hajamwona mkwe wa mtu, anaona kichwa kilichoharibiwa. Akanifunga shuka shingoni. Inama. Nikainama! Akaanza upande wa kulia, mkono mwepesi kama zamani, njia ikafutika. Ndeti amesimama mlangoni, kiganja mdomoni.

Akiwa katikati ya kazi, bila kuinua macho, akauliza: "Enhe, wazee. Mlisema mmekuja kutafuta nini?"

Baba mdogo akasimama, koti na jasho lake, akasema yote. Ukoo wetu, shamba letu, jina la Ndeti. Alisema vizuri mpaka nikataka kulia. Mkasi ukapunguza mwendo. Ukasimama.

Mzee Kituku aliufuta kwa shuka, akauweka sandukuni. Nikamwambia, mzee, bado upande mmoja.

"Huo katafute mtu mwingine," akasema. "Mimi siwezi tena kukugusa kichwa." Akafunga sanduku.

Hakuongeza neno! Saa ikawa imefika, baba mdogo akaniashiria niende kazini. Wao wamebaki.

Maundu anasema ni hasira. Mimi nasema — sisemi. Ni kinyozi, na ameacha kichwa nusu! Mtu wa kawaida angemalizia. Abiria wanatazama upande wangu wa kulia kwa heshima, na wa kushoto wanageuka kucheka. Bwana mmoja amerudi mara ya pili kuhakikisha.

Honi. Treni inaingia. Watu wanapisha kitu huko mlangoni — ni Ndeti, anakimbia, bila kitambaa kichwani, ameshika mkasi wa baba yake, na anapiga kelele jambo ambalo injini inalimeza, ila mwisho wake naupata: baba hanyoi mkwe, upande uliobaki ni wangu!