Mizimu Inamsubiri Nomsa Wodini

Dada Zubeda mpendwa, naomba msaada wako, usingizi umenikimbia.

Mimi ni Mhaya, fundi cherehani hapa Newtown, mume wangu Thabo alitoroka nchi hii zamani kwenda kupigania uhuru, bila kumuaga mama yake, tukaoana Morogoro, uhuru ulipokuja tukarudi kwao, na sasa binti yetu Nomsa amepata nafasi ya kusomea urubani katika jeshi la anga, naye anasema huo ni mwanzo tu, atarusha ndege za kivita, kisha awe rubani wa majaribio, yule anayepanda ndege mpya ambayo hakuna aliyewahi kuirusha, na mwisho awe mwanaanga, basi mimi nikaona mama mkwe akisikia ataanguka, nikamwambia mjukuu anakwenda kusomea unesi, bibi wa watu akafurahi, akapika pombe, mbuzi akachinjwa kwake Soweto, akaita mizimu ya ukoo kwa sauti, "Mtoto wenu anakwenda kuuguza wagonjwa, mfuateni huko wodini," Nomsa kapiga magoti ananitazama, Thabo anakohoa tu, na jana mtoto kaniambia, "Eish, Mama, kule juu nitakuwa peke yangu, wazee wote wako wodini," akacheka, lakini machozi niliyaona, na Jumapili anaondoka, nifanyeje?

Mama Nomsa, Newtown

Mama Nomsa, nimecheka, kisha nimekukasirikia. Marehemu wa ukoo mzima umewatuma wakamsubiri mtoto wodini! Na huyo Thabo, mwanamume aliyeshika bunduki, anakohoa mbele ya mama yake? Msomee hapa, asikie.

Pole lakini, mwenzangu. Hilo neno unesi lilikutuliza wewe kwanza. Njia ya Nomsa ni ndefu: arushe ndege kwa miaka, asome uhandisi, ndipo afikiriwe kwa majaribio. Uanaanga ataomba ugenini, na huenda asipate. Muda wa kuogopa unao tele, usiumalize wote wiki hii.

Jumamosi asubuhi pandeni teksi ya Soweto, wote watatu. Pombe ya kupika haitaiva, nunua ya dukani, wazee hawatagoma. Piga magoti wewe, si mtoto, useme ulidanganya. Gogo, huyo bibi yake Nomsa, atafoka, mwache afoke mpaka achoke. Kisha mwombe aite mizimu upya, na safari hii Nomsa aitaje kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Hataanguka. Kuondoka kwa mtoto alishakuzoea. Kilichomuumiza miaka yote ile ni kwamba Thabo hakumuaga. Msimfanyie mara ya pili.

Dada Zubeda